Sumaku tumboni mwa droni

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, kabla ndugu zangu hawajausimulia kwa kuutia chumvi. Nilichukua sumaku ya mama, nikaibandika chini ya tumbo la droni ya mjomba, nikairusha kwenda kutafuta dhahabu.

Najua sumaku haivuti dhahabu. Nimelijua hilo kabla sijajua kusoma, kwa sababu mama huosha marudio kwenye mwalo mmoja wa kuoshea dhahabu huku Bugarama, ule mchanga ambao wachimbaji wameshauosha wakautupa. Akibakiza kama kijiko kimoja kwenye karai, hupitisha sumaku juu yake ili ivute mchanga mweusi, dhahabu ibaki peke yake. Lakini mchimbaji yeyote atakuambia pia kwamba penye mchanga mweusi mwingi, mali haiko mbali. Basi nikapiga hesabu zangu za kidato cha tatu: droni ipite chinichini juu ya vifusi, sumaku ivute mchanga mweusi, na pale itakaporudi imeota ndevu nyingi ndipo tuchimbe. Wenzangu watatu wa darasani waliafiki. Mmoja alishaanza kuchagua rangi ya pikipiki yake.

Ilikuwa Jumapili ya likizo, mjomba amelala baada ya misa na ubwabwa. Sumaku yenyewe ni kipande cha spika mbovu, hakizidi kifuniko cha soda. Nilikifunga kwa selotepu ya kung'aa, ile mafundi wanazibia mabati yanayovuja, nikaizungusha tumboni na mgongoni mara tatu ili isidondoke. Simu ya mjomba ikaandika maneno mekundu kuhusu dira. Nikabonyeza sawa. Ikaandika mengine kuhusu GPS. Nikabonyeza sawa. Mimi maneno mekundu nimeyazoea, ndiyo yanayojaa kwenye daftari langu la fizikia.

Droni ilipanda, ikaenda upande kama kaa, ikamkosakosa mbuzi wa watu, ikajitupa kwenye kifusi. Kabla sijabandua chochote, nikasikia mjomba anakohoa ndani. Nikaifuta vumbi, nikaisokomeza kwenye begi lake ilivyo.

Jioni aliiona ile selotepu. "Na hii?"

"Ilikuwa na ufa, mjomba. Nimeuziba."

Akaishika, akaigeuza. "Umefanya vizuri, mjomba. Ningeirusha hivyo ingepasuka." Akanipa soda. Niliinywa.

Sasa, mjomba hakuja kutoka Kahama kupiga picha za harusi kama kawaida yake. Alikuja kwa sababu ya ngitili ya bibi. Kwa wasiojua, ngitili ni eneo la malisho ambalo sisi Wasukuma hulifunga masika nzima, ng'ombe asiguse, ili kiangazi majani yakiisha kwingine kote pawe na cha kula. Bibi yangu, mama yake mama, anayo moja kule Ushetu, na bila hiyo ng'ombe wake saba hawafiki mvua za mwezi wa kumi na moja. Jirani yake alikuwa amekata minyaa ya mpakani, ile miti ya utomvu ya kuwekea ua, akalima mahindi hadi katikati ya ngitili, kisha akasema minyaa haijawahi kuwepo hapo. Baraza la kata lilimsikiliza bibi mara moja, likamwambia alete ushahidi. Kikao cha pili kilikuwa Alhamisi. Wazo la mjomba lilikuwa rahisi: ukisimama chini huoni kitu, lakini kutoka juu, vishina vilivyobaki vitajipanga mstari mmoja.

Jumatano asubuhi tulikuwa kwa bibi, mimi na mjomba. Mama alibaki mwaloni, angekuja kesho yake moja kwa moja barazani.

Droni ilipanda vizuri kama mita tano, nikaanza kumshukuru Mungu mapema. Halafu ikaanza kuzunguka. Mduara mdogo, kisha mkubwa, kisha mkubwa zaidi, kama ng'ombe aliyefungwa kambani na kamba inazidi kurefuka. Mjomba anavuta kushoto, yenyewe inakwenda kulia. Upepo ukaisukuma mpaka kwa jirani, ambaye alitoka na kikombe chake cha uji kabisa, akaegemea mti.

"Ndege yenu imelewa!" akapiga kelele. "Ipeni maji!"

Mjomba alifanikiwa kuitua kwenye majani, upande upande. Akaanza kuitafutia ugonjwa. Alibadilisha mapanga yote manne yanayozunguka. Akabadilisha betri. Akasema labda ni bati la bibi, tukahamia mbali na nyumba. Akasema labda ni mnara wa simu, tukahamia upande wa pili. Kila tunapohama mimi nabeba begi na kigoda, na kila anapoangalia simu inamwambia setilaiti ni sifuri, kisha moja, kisha sifuri tena. "Anga jeupe hivi, setilaiti zimekwenda wapi?" akauliza. Nikatazama juu kama vile na mimi nazitafuta.

Kitu kimoja tu hakukigusa. Hakuigusa ile selotepu, kwa sababu mimi nilishamwambia ni tiba.

Saa nane mchana alimpigia mama. Nilikuwa karibu, nikasikia. "Dada, nimeshindwa. Nadhani imekufa. Nilikuwa najisifia bure." Mjomba wangu huyu ana mdomo. Kwenye harusi huwezi kula kabla hajakueleza lenzi yake. Kumsikia anaongea polepole hivyo kulinikata maini.

Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka anapukuchua mahindi. Hakulalamika. Alisema tu, "Basi niacheni. Ng'ombe nitauza wanne kabla hawajakonda. Watatu watavumilia." Akaanza kuhesabu kwa vidole nani auzwe, na kila mmoja alimtaja kwa rangi yake, na alipofika kwa yule mweupe mwenye doa, akarudia hesabu tangu mwanzo ili asimfikie.

Mimi ni mtu wa utani. Safari hii nililiweka begi chini. Nikasema, "Mjomba, haina ufa."

"Nini haina ufa?"

"Droni. Nilidanganya. Chini ya selotepu kuna sumaku ya mama. Nilikuwa natafuta dhahabu."

Kuku akapita. Mjomba aliitazama droni, akanitazama mimi, akaitazama tena droni. Nilishapima umbali wa kukimbia hadi barabarani.

"Yaani," akasema taratibu, "siku nzima mimi nampima mgonjwa homa, kumbe amemeza kufuli, na aliyemlisha ndiye anayenishikia begi?"

"Ndiyo, mjomba."

"Dhahabu kwa sumaku?"

"Mchanga mweusi, mjomba. Halafu dhahabu."

Hapo akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, na bibi ambaye hakuelewa chochote akacheka pia. Halafu akaacha kucheka ghafla, akanisukumia droni. "Itengeneze wewe. Mdomo wangu, mikono yako. Na mama yako utamwambia wewe mwenyewe, mimi simo."

Nimepata adhabu nyingi maishani, karibu zote nilizistahili, lakini hakuna iliyonifundisha kama ile. Nilibandua selotepu taratibu. Sumaku ikadondokea mkononi. Mjomba akanieleza, bila kunitukana, kwamba droni ina vitu viwili vya kuijulisha ilipo: dira ndani yake inayoionyesha kaskazini, na masikio mgongoni yanayosikiliza setilaiti. Sumaku iliidanganya dira. Ile selotepu nayo ni bati jembamba, niliizibia masikio. "Umemfunga mtu kitambaa machoni, ukamziba masikio, ukamwambia atembee kwenye upepo," akasema. "Huyo hajalewa. Huyo ameonewa."

Nilisugua gundi iliyobaki kwa pembe ya kanga ya bibi na tone la mafuta ya kula. Kisha tukaenda katikati ya ngitili kuipanga dira upya. Pasiwe na chuma, akasema. Nikavua mkanda. Akavua saa, akatoa funguo, akakumbuka viatu vyake vya mgodini, alivyonunua mtumbani, vina chuma kwenye vidole, akavivua pia. Basi akasimama peku kwenye majani, suruali ameikunja, ameishika droni kama mtoto mchanga, anazunguka polepole. Halafu akaielekeza pua chini, akazunguka tena.

Jirani alikuwa bado yupo. "Mnaloga nini hapo?" Safari hii sauti yake haikuwa na kicheko.

"Tunapunga pepo!" nikamjibu. Mjomba akanikanyaga kwa kisigino, lakini niliona anauma midomo asicheke.

Simu ikaandika kijani. Setilaiti zikaanza kuingia, nne, saba, kumi na moja. Mjomba akanipa rimoti. Mimi! Droni ikapanda, ikasimama angani tuli, ungedhani imetundikwa kwenye msumari. Nikaipandisha zaidi, na kwenye skrini pakatokea mstari: minyaa ya kijani kutoka mashariki, kisha vishina vidogo vyeusi, kimoja, kingine, kingine, vikipita katikati ya mahindi ya jirani, mpaka vinakutana na minyaa ya magharibi. Tulimwita bibi. Aliinamia simu muda mrefu. "Huu niliupanda na babu yako," akasema. "Mbona umenyooka hivi? Yeye alikuwa anasema nimeupinda."

Alhamisi barazani mjomba alitoa picha zilizochapwa, wazee wakazipitisha mkono kwa mkono. Mwenyekiti aliweka rula juu ya vishina. Jirani aliitazama picha, akakohoa, akasema labda trekta ilivuka mpaka kwa bahati mbaya. Baraza likasema trekta irudi ilikotoka.

Nashukuru. Namshukuru mjomba, ambaye mpaka leo hajaisimulia kwenye harusi yoyote, ingawa najua inamwasha. Nashukuru bibi alihesabu ng'ombe kwa sauti. Na nashukuru niliropoka saa nane na siyo siku ya pili yake.

Tulipokuwa tunatembea kurudi kwa bibi, nilimwambia mama yote, tangu kifusi mpaka soda. Aliendelea kutembea hadi tulipouona mti wa kwanza wa ngitili. Nilikuwa nimeshaukaza mgongo. Akasimama, akaifunga kanga yake upya, akasema:

"Kesho asubuhi unawapeleka ng'ombe wa bibi yako humu, na kila siku mpaka likizo iishe. Mtu akikuuliza nani kakutuma, mwambie mama."