Karani na Leso Yake

Zamu ya Esteria ya kupewa mtamba ilipotezwa na karani wa kompyuta wa chama cha wafugaji pale Kwai, na mtamba akapewa mtu aliyejiandikisha juzi. Karani huyo ana mikono laini isiyojua chuchu ya ng'ombe. Kila asubuhi hufuta vitufe kwa leso, kimoja kimoja, kama anayeosha kitoto, na salamu huitoa macho yakiwa kwenye kioo cha kompyuta. "Shikamoo mama. Jina lako halimo." Mara nne Esteria ameambiwa hivyo akarudi nyumbani.

Mara ya tano aligoma. "Marahaba. Litafute nikiona." Karani akahema, akabadilisha herufi ndogo moja kwenye jina la jedwali la wanachama, akaweka kubwa. Wanachama wa zamani wote wakajitokeza kwenye kioo. Esteria hajui kusoma, ila picha ya uso wake aliiona, ya tatu kutoka juu.

"Kompyuta ya zamani haikubagua herufi kubwa na ndogo," karani alisema taratibu. "Hii mpya inaona ni majedwali mawili. Mashine ndiyo imekosea, mama."

"Mashine haikujua pa kunitafuta. Wewe ulijua!"

Karani akachukua leso, akaanza kufuta vitufe.

Chama bado kina deni la mtamba. Karani ana deni la kusema "nimekosea mimi," kwa sauti, akimtazama Esteria machoni.