Siku Sita Bila Simu, Kwenye Antena ya Kinango

Mimi ni fundi wa majokofu na vyumba vya baridi katika hoteli moja ya Diani, na kwetu ni Msambweni. Sikudhani kazi ya ubaridi ingenipeleka kwenye nyota. Lakini mwezi uliopita alikuja hotelini injinia mmoja mwanamke, Nduta, mtu wa bara, akimtafuta mtu ajuaye kupima joto la chuma. Kule nyikani, kupita Kinango, wana antena kubwa ya zamani ya mawasiliano waliyoigeuza kuwa darubini ya redio. Nyota zitoazo mawimbi ya redio husikika hata mchana, ila jua likiwaka chuma hutanuka, antena ikapinda kidogo, na nyota ikawapotea. Mara mbili walikuwa wamewaharibia kazi wenzao wa nchi nyingine waliokuwa wakiisikiliza nyota ileile pamoja nao. Alhamisi wangejaribu mara ya tatu, na ya mwisho.

Niliomba ruhusa ya siku sita. Binti yetu Rehema nikampeleka kwa bibi yake.

Jumapili baada ya magharibi, mke wangu Mwanasha alinipigia kutoka Maskati kama afanyavyo kila jioni. Ni mwaka wa pili sasa anafanya kazi ya nyumbani kwa watu huko. Mkataba wake ulikuwa unakwisha, na Alhamisi ilimpasa aseme kama anaongeza mwaka au anarudi.

"Wewe wasemaje, baba Rehema?" aliniuliza.

Nilitaka kumwambia arudi.  Lakini nikaona nitakuwa namfunga kwa matakwa yangu, nikasema, "Utakavyoona wewe ndivyo."

Akaniambia nifikirie vizuri, nimpigie Jumatano. Nikamwahidi, nikamwambia kwamba kule simu huzimwa, nitatoka mpaka Kinango kumpigia.

Jumatatu alfajiri nilifunga sanduku la vifaa kwenye pikipiki nikashika njia. Ukunda ilikuwa ndiyo kwanza inaamka. Kombani nikakunja kushoto, nikaanza kupanda kwenda Kwale. Mara ya mwisho kupanda mlima ule nilikuwa nimempakia Mwanasha, tukifuatilia karatasi zake za safari. Alinishika kiuno kwa mikono miwili, na wakati wa kuteremka akanibana zaidi, wala hakuwa mwoga wa pikipiki. Safari hii mgongo wangu ulipigwa na upepo mtupu mpaka Kinango.

Kupita Kinango minazi ilikwisha, hewa ikakosa chumvi, nyasi zikawa za manjano na mbuzi wakawa wengi kuliko watu. Adhuhuri niliiona antena, sahani nyeupe iliyoinama juu ya vichaka, kubwa kuliko msikiti wetu.

Langoni nilipokewa na askari, mama wa makamo wa Kiduruma aitwaye Nyevu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za pwani na za watoto, kisha akanyoosha mkono.

"Simu. Zima kwanza, halafu nipe."

Aliitia kwenye sanduku la chuma pamoja na za wengine. Nduta alinieleza kwamba antena ile husikia sauti hafifu mno, hata simu moja mfukoni huifanya isisikie kitu kingine. Atakaye kupiga simu hana budi kurudi Kinango.

Jioni ile alinionyesha ugonjwa wenyewe. Juu ya sahani kuna kioo kidogo cha chuma cha kukusanya sauti ya nyota, kilichoshikwa na miguu minne mirefu. Miguu ikipata joto hurefuka, kioo kikasogea mbali, na sauti ya nyota ikatawanyika. Kiti cha chini kinachoibeba antena nacho, upande mmoja ukipata moto kuliko mwingine, huinamisha antena nzima, ikaelekea pembeni ya nyota.

Jumanne nilipanda na mkanda kiunoni kuangalia vipima joto vilivyokuwapo. Vilibandikwa kwa utepe tu, jua likivipiga waziwazi. Niliposhuka nilimwambia Nduta, "Hivi vinapima jua, havipimi chuma." Hata kwenye chumba cha baridi, kipima joto ukikitundika karibu na mlango kitakusomea upepo wa kila aingiaye.

Tulikwangua rangi, tukapaka mafuta mazito ya kupitisha joto, tukavikaza kwenye chuma, tukavifunika kwa sponji nyeusi ya mabomba ya ubaridi. Kisha tukaielekeza antena kwenye nyota inayojulikana mahali pake, tukawa tunaandika kila mguu una joto gani na nyota imekosewa kwa kiasi gani. Kukizuia chuma kisitanuke hatukuweza. Tulichotaka ni kujua kitatanuka kiasi gani, ili kompyuta ikirudishe kioo na kuigeuza sahani mapema.

Jumatano asubuhi hesabu zilikubali. Baada ya alasiri zikakataa. Tulikuwa tumekaa tumechoka, Nyevu akatuletea chai, akasema kwamba chuma kile hulia kila siku, asubuhi upande wa mashariki, alasiri upande wa huku. Alionyesha magharibi ya kiti. Nilikwenda kutazama. Upande mzima ulikuwa na kipima joto kimoja tu, tena nyuma ya bomba, kivulini. Nikaongeza vitatu.

Nilikuwa nakaza cha mwisho Nduta aliponiita. "Fundi, si ulisema uko na simu ya kupiga? Gari inaenda Kinango saa hii."

Nilimjibu kwamba vipima vipya vinanihitaji, chuma lazima kipimwe kinapopoa. Ilikuwa kweli. Kweli nyingine ni kwamba niliogopa kuisikia sauti yangu ikiomba. Gari likaondoka, nami nikalitazama vumbi lake mpaka likatua.

Alhamisi kazi ilianza saa nne. Saa tisa jua lilipoupiga upande wa magharibi, Nduta alisogea karibu na kompyuta. Chuma kikalia. Kioo kikashuka kiasi cha unene wa kucha, sahani ikajigeuza kidogo, na mstari wa sauti ya nyota kwenye kompyuta haukuanguka. Saa kumi na moja alivua miwani, akaifuta, akasema, "Imekaa." Nyevu aliuliza kama nyota imepotea. Tukamwambia haikupotea, akatabasamu, akarudi langoni.

Niliwapongeza wote. Moyoni nilikuwa nahesabu kwamba Maskati ni jioni tayari, na lililosemwa limekwisha kusemwa.

Ijumaa niliwafundisha kubadilisha vipima vitakavyoharibika. Jumamosi nikaaga. Nyevu alinirudishia simu, lakini sikuiwasha mpaka Kwale, juu, karibu na soko.

Mwanasha alipokea kwa sauti ya chini. Nyuma yake nilisikia vyombo.

"Nilikupigia Jumatano mpaka nikachoka."

"Simu huzimwa kule."

"Najua. Ulinambia. Lakini ungetaka kutoka ungetoka." Akavuta pumzi. "Nimetia sahihi. Mwaka mmoja."

Nilishuka kwenye pikipiki. "Nilitaka urudi, Mwanasha. Tangu Jumapili. Tangu siku uliyoondoka."

Vyombo vilinyamaza.

"Mbona hukusema?" Hakuwa na hasira.

"Niliona nitakufunga."

 "Sema tena," akasema.

Nikasema tena, pale barabarani, watu wakipita na vikapu vyao, wala sikupunguza sauti.

Siku hizi baada ya magharibi humwambia namtaka arudi, kabla hajaniuliza. Mwaka haupungui kwa hilo hata siku moja. Ila nimejifunza kwamba mtu aliye mbali hawezi kukisia anavyotakiwa, lazima aambiwe.