Aliyeshuka Treni Muleba

Usiniulize nilikuwa nimekunywa nini. Ulikuwa mchana, mvua ya manyunyu, na tumboni nilikuwa na chai tu.

Miaka yangu yote ya ualimu hapa Bukoba niliota treni. Huku kwetu reli haijafika. Sisi ni mabasi mpaka magoti yanalalamika. Nilipostaafu nikapanga safari: treni kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, kisha nyingine na nyingine mpaka Afrika Kusini. Nilichora hata reli ya ndoto, itoke kule, ipite Muleba, iende zake Kairo. Mtu aliyechoka naye ana haki ya kuota, au siyo?

Siku hiyo nilikuwa stendi ya Muleba nikisubiri basi, nikimsimulia mama wa maandazi safari yangu kituo kwa kituo. Alipokwenda kuhudumia wateja, mzee mmoja mwenye masizi kwenye suruali akaja kuketi nami benchini. Akafungua kifurushi cha ganda la mgomba, akanipa buni za kutafuna, kama tunavyomkaribisha mgeni. Nikapokea. Wewe ungekataa? Kwetu kukataa kahawa ya mzee ni kumtukana.

Nikamwuliza anatoka wapi. Akasema ameshuka treni sasa hivi. Nikacheka, nikamwambia Muleba hakuna treni, waitu, mzee wetu. Yeye hakucheka.

"Umesema utapita kule, mwanangu. Mimi nimelala kando ya reli, huko kusini. Nirudishe Buganguzi. Nafasi yangu iko kati ya baba na mama."

Ndipo nikaona kwamba mvua inatunyeshea wote wawili, lakini yeye hajalowa. Basi likapiga honi, nikageuka. Niliporudisha macho, hakuwepo.

Buganguzi ndiko kwetu, basi nilikwenda moja kwa moja kwa shangazi, mtaa wa Ijuganyondo hapa Bukoba. Alilia kabla sijamaliza. Kaka yake mkubwa alikwenda kufanya kazi ya reli huko kusini kabla sijazaliwa. Ilirudi habari ya kifo, mwili haukurudi. Na kwenye kibanja chetu, shamba la ukoo kule Buganguzi, kati ya kaburi la babu na la bibi, kuna nafasi isiyopandwa hata mgomba. Nimeikanyaga tangu utotoni bila kuuliza.

Niamini, uchungu wa zile buni haujatoka mdomoni mwangu. Nikisema nighairi safari, unazidi mpaka chakula hakipiti. Basi nitakwenda, na magoti haya, kutafuta kaburi lisilo na jina kwenye nchi ya watu. Ile safari niliyoiota haipo tena.

Wewe ukipanga yako, panga kimya. Stendi zina watu waliosubiri miaka mingi mtu anayekwenda upande wao.