Trinah na Mlango wa Krismasi

Jirani yangu Trinah, Mganda anayefanya kazi nyumba ya pili hapa mtaani kwetu Al Twar, Dubai, alikuwa bingwa wa kumcheka madam wake. Madam Lujain akimwita paka wake, Mishmish, "mtoto," Trinah huyo ukutani kwangu kunihadithia. "Mama Nasifu, paka ana daktari! Kwetu kazi yake panya."

Haya. Likizo hii ya baridi madam akasafiri na familia, akamwachia nyumba, ruhusa ya kualika wenzake Krismasi, na sharti moja: mlango ufungwe, Mishmish asitoke. Akirudi akamkuta salama, Trinah ataenda kwao Masaka kumwona mama yake, ambaye hajamtia machoni tangu aje Dubai. "Yes madam," akaitikia.

Lakini kwao siku ya Krismasi mlango haufungwi. Ukifunga, watu watasema unakula kwa kujificha. Basi asubuhi akauacha wazi kabisa, akakaanga kuku, akaniletea sahani yangu imefunikwa kitambaa, maana sikukuu zetu na zao sahani lazima zivuke ukuta. Nikaiweka jikoni, nikaenda kusali.

Nimetoa salamu tu, nasikia hodi ya kuvunja mlango. Trinah, machozi yanamtoka.

"Mishmish hayupo! Magari yatamgonga! Mama nitamwona vipi sasa?"

"Umeangalia chini ya vitanda?"

"Mpaka ndani ya mashine ya kufulia!"

Tukatoka njiani. Yeye anatikisa kopo la chakula cha paka, anaita huku analia. Mimi na baibui langu nachungulia chini ya magari ya watu. Wallahi roho iliniuma, hata kumtania nilishindwa.

Tukarudi kwangu kunywa maji. Loo! Mishmish juu ya meza ya jikoni, kitambaa chini, paja la kuku mdomoni. Kumbe aliifuata sahani, akaingilia mlango wa uani. Ndiyo, na wangu ulikuwa wazi, tusiulizane. Nikacheka hadi nikashika kiuno.

Trinah hakucheka. "Mfupa utamkwama!" Akamrukia, akamnyang'anya, akamkumbatia kifuani. "Umenitisha, wewe. Umenitisha sana." Masaka hakuitaja tena.

Nikamsindikiza kwao, akafunga mlango. Mara rafiki yake Cissy akafika na sufuria mkononi, akaanza kugonga kwa hasira.

"Trinah! Krismasi gani hii ya kufungiana milango?"

Trinah akachungulia dirishani. "Ngoja kwanza," akasema, "nimpeleke mtoto chumbani."