Ukurasa wa Nyumba ya Mnyampara

Jumapili ya pili ya kutangazwa ndoa ya binti yangu, padre aliuliza, kama ilivyo desturi, iwapo yupo mtu anayejua kizuizi. Kwa kawaida swali hilo hupita bila kugusa mtu. Watu huinamisha vichwa, mtoto hulia mahali fulani, padre huendelea na tangazo jingine. Siku ile mzee mmoja wa Ntalikwa alisimama upande wa wanaume. Alikuwa mdogo wake marehemu babu wa bwana harusi, mrina asali mpole ambaye muda wote wa posa alikuwa kambini porini na mizinga yake.

"Baba Padre," alisema, "bibi yake binti huyu ni yule pale, amejitanda khanga nyeusi. Ni dada yangu. Kaka yangu, babu yake kijana, alimwita dada mpaka anaingia kaburini. Sasa watoto hawa tunawafungishaje ndoa?"

Kanisa zima liligeuka kumtazama mama yangu. Yeye alikuwa akitazama altare.

Baba yake kijana alikwisha kufariki, na posa ililetwa na wajomba zake, watu wa Nzega, ambao hawakujua lolote juu ya nyumba alimokulia babu yake. Mama alijua. Nilipomtajia kwa mara ya kwanza kijana alikuwa mjukuu wa nani, alicheka kwa furaha ambayo sikuielewa, akasema Mungu ana njia zake. Mimi nilimfahamu mrina asali kama mzee aliyekuja mara moja kwa mwaka kumletea mama kibuyu cha asali, na sikuwahi kumuuliza anatoka tumbo gani.

Jioni ile nilimkalisha mama barazani.

"Mama, wewe ni mtoto wa nyumba ile, au siye?"

"Mimi ni mtoto wa nyumba ile."

"Basi harusi haipo."

"Harusi ifungwe."

"Hayo mawili hayapikwi chungu kimoja, mama."

"Tafuta vyungu viwili basi, wewe uliyesoma."

Akainuka, akaingia ndani. Nami nilikuwa na jambo ambalo sikuthubutu kulitamka mbele yake. Nilipokuwa mdogo, mwanamke mmoja wa Kanyenye aligombana na mama kisimani, akamtupia maneno haya: "Wewe ulishuka hapa pamoja na mizigo!" Mama alijitwika mtungi wake, akarudi nyumbani, na hakuteka tena maji kwenye kisima kile. Nyumba aliyoiita ya kwao ilikuwa ya baba yao mrina asali na kaka yake, mnyampara, yaani msimamizi wa wapagazi katika misafara ya pwani na Ujiji. Wapo walionong'ona kwamba mnyampara hakumzaa mama bali alimleta. Iwapo ni kweli, binti yangu na kijana hawakuwa na damu moja. Lakini kulisema hilo ni kumwambia mama, mbele ya mji, neno ambalo alikuwa amelikimbia maisha yake yote.

Padre alisema hatatangaza mara ya tatu mpaka jambo lijulikane. Kijana alikuwa mfanyakazi wa reli, naye alikwisha kuambiwa kwamba mvua zikianza atahamishiwa Mwanza. Wajomba walisema wazi kuwa hawatamwacha aende bila mke. Ikiwa si huyu, atakuwa mwingine. Binti yangu aliacha kula pamoja nasi.

Nilikwenda Boma. Wakati wa hesabu ya watu iliyopita, sisi walimu tuliitwa kusaidia kuandika, na hapo ndipo nilipoyaona madaftari ya hesabu ya enzi za Wajerumani, yameandikwa kwa Kiswahili, nyumba kwa nyumba: mwenye nyumba, wake zake, watoto, watumishi. Nilijua ukurasa wa mnyampara umo, ingawa sikuruhusiwa kuusoma. Nilimwomba karani anifungulie.

"Mwalimu," alisema, "hili si gazeti."

Bwana Shauri, mkuu wa Boma, alikuwa Mwingereza kijana, mwenye adabu, aliyezungumza Kiswahili cha vitabuni. Alinieleza kwamba watu wale waliahidiwa kuwa maneno yao yatabaki serikalini.

"Serikali iliyowaahidi ilishindwa vita, bwana," nilimjibu.

Alicheka. "Siwezi kufungua kwa ajili ya mama mmoja," alisema. "Wengi wakiomba, nitawasikiliza."

Ndivyo nilivyoanza kutafuta wengi. Mwenzangu alikuwa nesi wa hospitali ya Kitete, Mzaramo aliyeolewa huku, ambaye babu yake alipita Tabora na msafara na kuacha mke na mtoto wasiojulikana waliko. Baada ya kazi na siku za Jumamosi tulipanda baiskeli tukafuata njia ya zamani ya misafara, kijiji kwa kijiji, tukiwa na hati ya maombi na kidau cha wino. Sikutazamia niliyoyakuta. Karibu kila ua ulikuwa na mtu aliyepotelewa: kaka aliyechukua mzigo wa pembe asirudi, shangazi aliyebadilishwa kwa nguo wakati wa njaa, mtoto aliyeonekana mara ya mwisho njia panda. Watu walitia dole gumba kwenye wino kwa uangalifu, kama wanaogusa kitu cha moto.

Walipositasita, nesi aliwachokoza kwa haki yake ya utani.

"Ninyi Wanyamwezi mlibeba pembe za watu mpaka kwetu pwani, zikafika salama. Majina ya mama zenu yakawashinda uzito!"

"Ninyi mlikuwa mmekaa tu mnatungoja," alijibu bibi mmoja huku akichovya kidole. "Hata kujitwika hamjui."

Tulicheka, na dole likapigwa. Lakini kadiri karatasi zilivyojaa, ndivyo mji ulivyozidi kunipa mgongo. Siku moja mfanyabiashara mmoja wa Kanyenye, mzee wa ukoo wa zamani, aliniita dukani kwake. Alimngoja mteja wa mwisho atoke.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Kaa. Kitabu unachotaka kifunguliwe, unajua kina safu ngapi?"

"Nimeiona safu ya watumishi."

"Watumishi!" Alitabasamu bila furaha. "Unajua neno hilo lilikuwa na maana gani siku zile. Wajukuu wao leo ni maimamu, ni makatekista, ni wenye nyumba za mabati. Wameoa kwetu, tumeoa kwao. Hakuna anayeuliza. Wewe unataka kila mwenye chuki aende Boma asome, arudi na neno la kumpiga mwenzake?"

"Wapo wanaotafuta ndugu zao, mzee."

"Wapo. Na wapo waliokwisha kupata nyumba, hawataki kupatikana."

Niliaga, nikatoka. Tangu siku hiyo wanawake waliondoa ndoo zao nilipofika bombani. Wazazi wawili waliwahamisha watoto wao darasani kwangu. Asubuhi moja nilikuta jivu limemwagwa kizingitini. Mama aliliona kabla yangu, akalifagia mwenyewe, akaegemea ufagio.

"Unafukua kaburi," aliniambia, "na hujui ni la nani."

Maneno ya mzee wa duka yaliniandama. Kisima kile kilinirudia, na mtungi kichwani mwa mama, na mgongo wake ukienda bila kugeuka. Daftari likifunguliwa kwa kila mtu, wale wa kisimani wangekuwa wa kwanza mlangoni. Hatimaye niliandika upya ombi letu: kila nyumba isomewe ukurasa wake tu, mbele ya wazee wa nyumba hiyo na si mtu mwingine.

Nesi alikasirika. "Watu wametia vidole kwenye neno moja, wewe unapeleka jingine? Babu yangu hakuacha nyumba hapa. Mimi nitasomewa ukurasa wa nani?"

Alikuwa na haki. Tulirudi kwa waliokuwa wametia vidole, tukawasomea upya. Wengine walikubali, wengine waliomba alama zao zifutwe, na nesi akawa anaendesha baiskeli yake mbali mbele yangu. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika mashariki. Bwana Shauri aliwaita wazee wa mji, wakabishana kutwa nzima, na jioni akakubali kwa majaribio. Ukurasa wa kwanza ungekuwa wa mnyampara.

Tulikuwa wachache chumbani: karani, padre, mrina asali pamoja na wazee wawili wa ukoo wake, mama, na mimi. Nilikuwa nimemwambia mama si lazima aje. Alivaa khanga zake mpya, akatangulia mbele yangu njia nzima.

Karani alifungua, akapitisha kidole, akasoma jina la mnyampara, jina la mkewe, kisha: "Mtoto wao wa kumzaa, binti mmoja." Akataja jina. Lilikuwa jina la mama.

Mrina asali alishusha pumzi. "Basi," alisema kwa huzuni, "yamekwisha."

Niliupigania ukurasa ule, nikatupiwa jivu kwa ajili yake, na sasa ulikuwa umemnyang'anya binti yangu mume. Nilimtazama mama. Sijawahi kuona uso kama ule. Kitu ambacho mji wote ulimnyima tangu utoto kilikuwa kimesomwa kwa sauti, serikalini, mbele ya padre: mtoto wao wa kumzaa. Angeweza kunyanyuka akaenda nacho nyumbani, wala pasingekuwa na mwanamke wa kisimani wa kumjibu tena.

"Karani," alisema, "soma wavulana."

"Hakuna mvulana, mama."

"Tazama vizuri."

"Hakuna. Ni binti tu."

Mama alimgeukia mrina asali. "Wewe ulikuwa hujazaliwa. Lakini kaka yako alikuwa ananizidi umri, alikuwa anachunga mbuzi. Kwa nini hayumo?"

Mzee alimtazama karani. Mmoja wa wazee aliokuja nao alikohoa, akatazama chini. Nadhani yeye alikuwa ameanza kuelewa.

"Mtoto akihesabiwa, mauti hujua pa kumpata," mama alisema. "Nani kati yenu alihesabiwa na baba yake? Askari walipokuja na karani wao, kaka yako na dada yake waliingizwa kwenye kihenge cha mtama, wakafunikwa kwa ungo. Mimi nilioshwa. Nikapakwa mafuta, nikavishwa shanga za yule binti, nikasimamishwa uani. Karani alitaka kuona mtoto, na mtoto akaonekana. Mtoto wa njiani. Akipotea huyo, nani atalia?"

Padre alitaka kusema kitu. Mama aliinua kiganja.

"Nililetwa na msafara wa chumvi ya Uvinza, nimekalishwa juu ya mzigo. Aliyenibeba sijui aliniuza, sijui alinisahau. Walinihesabu kwa jina la binti yao. Kisha ndui ikaja. Ilimchukua yule aliyefichwa, ikaniacha niliyehesabiwa. Mama mwenye nyumba alilia mpaka sauti ikakauka. Siku moja akasimama mlangoni, akaliita jina la mwanawe, akinitazama mimi. Nikaitika. Mpaka leo naitika."

Mrina asali alikuwa analia waziwazi, kama mtoto. "Mbona kaka hakuniambia?"

"Alitaka uwe na dada," mama alijibu.

Wazee walitoka nje kushauriana, na hawakukawia. Wote wawili walikuwa na umri wa kuijua desturi ile, na mtoto wa kiume asiyekuwemo katika ukurasa aliwatosha. Padre alisema na yeye ametosheka. Karani, ambaye mwanzo aliniambia hili si gazeti, alichukua kalamu yake na kuuliza kwa upole kama mama angependa kosa lisahihishwe pembeni.

"Liache," alisema mama. "Jina ni lake. Mwili tu ndio uliokuwa wangu. Yule mtoto hakuandikwa mahali pengine popote."

Tangu wakati huo nyumba kadhaa zimesomewa kurasa zao. Wengine hutoka wakicheka, wengine hupita nyuma ya Boma ili wasionane na watu. Mzee wa duka naye alikwenda. Karani aliniambia kwamba alikaa mbele ya daftari lililofungwa, akaliwekea mkono juu, kisha akaaga. Nesi bado hajapata nyumba ya kuomba, na kila tukionana hunikumbusha kwamba kazi yetu ni nusu. Sibishani naye.

Jumapili ya tangazo la tatu ilitukuta na mvua. Padre aliuliza swali lake, na kwa kitambo kulisikika maji tu juu ya bati. Upande wa wanaume hakusimama mtu. Binti yangu alinishika mkono akauminya hadi ukauma.

Tulipotoka, mrina asali alikuwa anangoja chini ya paa la ukumbi, na kibuyu chake cha asali. Miaka yote alikuwa akimkimbilia mama, akampokea fimbo yake ya kutembelea, akasema, "Shikamoo, dada." Siku ile alisimama mbali kidogo, umbali ambao mtu husimama mbele ya wakwe zake, akavua kofia. Asingeweza tena kumwita dada bila kuivunja ndoa ya watoto.

"Shikamoo, mkwe," alisema.

Mvua ilikuwa inamnyeshea mama begani, wala hakusogea.

"Marahaba," alijibu.

Kibuyu alinikabidhi mimi, kwa sababu mkwe hapokei mkononi mwa mkwe, nami nikampa mama.