Neutroni Kumi kwenye Barrière

Kwa miaka ishirini na miwili Jokébed alifundisha fizikia katika sekondari moja ya Kiprotestanti mjini Butembo, na swali zito kuliko yote aliloulizwa darasani lilikuwa: "Madame, hii itatoka kwenye mtihani?" Kwa hiyo alipoalikwa Beni kuwaeleza walimu wenzake somo alilolipenda, alinunua daftari jipya, akaliandika lote kwa Kifaransa safi.

Kwenye barrière, kizuizi cha wanajeshi barabarani kabla ya Beni, pikipiki aliyopanda ilisimamishwa. Adjudant Léon, mwanajeshi kutoka Kasaï, alifungua begi, akakuta daftari. Alisoma kwamba ndani ya "noyau" hii, wachochezi wakubwa ni wale wasioonekana. Kwa bahati mbaya, neno hilo la Kifaransa humaanisha kiini cha atomu, na pia kikundi kidogo kinachopanga mambo kwa siri.

"Mama, hii noyau iko wapi?"

"Iko mahali pote, chef."

Lilikuwa jibu la kweli, na halikumsaidia.

"Benyewe ndani yake ni bangapi?"

"Hii ya daftari ni ya kaboni nzito: protoni sita, neutroni kumi."

"Hizo kumi zinajifichaka?"

"Hapana. Hazina charge, ile ya umeme. Ukizitafuta na umeme, utaona protoni tu."

Léon alimrudisha mwenye pikipiki, akamketisha mama kwenye benchi. Wanajeshi watatu wengine wakasogea. Jokébed aliomba sahani, akaweka punje sita za mahindi na maharagwe kumi, akaitikisa.

"Kiini kikigongwa, byote binatikisika. Lakini hapana sawasawa."

Mmoja wao, Zorobabel, aliinamia sahani. "Mais mama, kama umeme inaonaka protoni tu, munajua namna gani kama neutroni nazo zilitikisika?"

Jokébed aliweka sahani chini.

"Tunagonga mara mbili," akasema polepole. "Kwanza na umeme, ile inatuonyesha protoni. Kisha tunatuma protoni ya inje. Ile inashikana zaidi na neutroni. Tunalinganisha. Kwa kaboni hii, neutroni zilitikisika kupita hata vile wingi wake ungetufanya tufikiri."

"Donc kama tungebakia na kipimo ya kwanza tu, tungesema protoni ndiyo zilifanya kazi yote," Zorobabel alisema.

"Ndiyo, mwanangu."

Léon aliandika kwenye daftari la ulinzi: *Mwalimu. Hakuna kikundi.* Akamrudishia begi.

"Mama, uko huru. Enda."

"Chef, dakika kumi tu. Sijamaliza."

Akamaliza baada ya saa nzima. Alipofika Beni, walimu walikuwa wameshakula, wamesaini na kutawanyika. Mlinzi alikuwa anapanga viti.

Siku ya Jumatatu mkurugenzi wake, Melchior, alimuuliza kama kikao kilienda vizuri.

"Vizuri kabisa. Sijawahi kusikilizwa namna ile."

"Walihudhuria wangapi?"

"Wanne," Jokébed alisema. "Wote na bunduki."