Mtungi Nyuma ya Nyumba ya Nyanya

Harufu ile niliinusa kabla sijajua inatoka wapi. Ilikuwa chachu na nzito, na ndani yake mlikuwa na utamu fulani wa ndizi zilizoiva zikapitiliza. Nilikuwa na umri wa mtoto anayeng'oka meno ya mbele, umri wa kuingiza pua kila mahali, basi nikaifuata harufu hiyo hadi nyuma ya nyumba ya nyanya, katikati ya migomba. Pale nikakuta mtungi mkubwa wa udongo umezikwa hadi kiunoni, mdomo wake umefunikwa kwa majani ya mgomba yaliyofungwa kamba. Nikapiga magoti, nikautegea sikio. Ndani kulikuwa na kitu kinachotokota polepole: sauti moja, kisha kimya, kisha sauti mbili kwa pamoja, kama mtu mzima anayezungumza usingizini. Nilikaa pale mpaka nyanya akanikuta. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Moraa, huo usiuguse." Nikamuuliza kuna nini ndani. "Kuna kazi," akasema, akaenda zake kuokota kuni, akaniacha na hamu iliyonikosesha raha wiki nzima.

Ili mtu aelewe kwa nini mtungi ule ulizua mambo, inafaa amjue nyanya. Katika mlima wetu wote, upande huu wa Ikonge, hakukuwa na mwanamke aliyejua kupika pombe ya wimbi kumshinda. Watu walikuwa wakisema pombe yake haimpigi mtu kichwa, inamkalisha chini tu akawapenda jirani zake. Kisha babu akafariki, na miaka michache baadaye nyanya akabatizwa mtoni na Wasabato. Siku ile ile alimwaga pombe yote iliyokuwa nyumbani, akagawa vyombo vyake vyote vya kupikia isipokuwa ule mtungi. Wanawake wenzake wa kanisani walipomshauri auvunje, alisema mtungi haukutenda dhambi yoyote, na uliofinyangwa vizuri namna ile haupatikani tena. Ukabaki umeinamishwa kando ya ghala, kuku wakiatamia mayai ndani yake.

Shamba la nyanya lilikuwa chini ya nyumba, likishuka hadi kwenye kijito. Alipanda wimbi kidogo na mboga nyingi: kunde, malenge, mnavu ambao sisi tunauita rinagu, na ule mgagani mchungu, chinsaga, ambao kwetu mwanamke akijifungua hupikiwa kwa maziwa hadi nguvu zimrudie. Hakutia mbolea ya dukani wala dawa ya wadudu. Alitia samadi na jivu, basi, na akiona kiwavi alimtoa kwa vidole huku akimsema. Lakini wakati huo, mwishoni mwa miaka ya sitini, chai ilikuwa imeingia milimani kwetu kwa kishindo. Baba mkubwa Ombati, kifungua mimba wake nyanya, alikuwa na watoto wa kusomesha na cheti cha ardhi chenye jina lake, na kila akishuka kwenye kijito aliona michai pale penye mboga. Hakuwa mtu mbaya. Jioni moja alimwambia mama yake mbele yetu sote, kwa heshima kabisa, kwamba shamba likilimwa lote kabla ya mvua za Septemba litaendelea kuwa la mboga, na likibaki na magugu atapanda miche ya chai. Nyanya akakubali. Nakumbuka alikubali haraka mno, na usiku ule hakula.

Shida yake ilikuwa moja. Nyonga ilikuwa imemharibikia, na shamba lile halikuwa la mtu mmoja mwenye jembe. Zamani angeita risaga, ndiyo kazi ya ujima ya kwetu: majirani wanakuja na majembe, wanakulimia kutwa, jioni unawapa pombe. Hakuna aliyelipwa kitu kingine, na hakuna aliyekosa kuja. Sasa nyanya hakuwa na pombe na hakutaka kuwa nayo. Angewaita watu wazima walime mteremko ule kwa chai ya rangi? Baba mkubwa alijua hivyo, na nadhani hata miche alikuwa amekwisha kuagiza.

Wakati huo ndipo mtungi, sasa umehamishiwa migombani, ulipoanza kutokota. Jirani yetu Onchiri, ambaye nyanya alimwita Baba Kerubo kwa jina la binti yake mkubwa, alikuwa akipita kwetu kila siku akipeleka ng'ombe mtoni. Alikuwa mrefu, Mkatoliki, hodari wa jembe na hodari zaidi wa maneno; palipokuwa na risaga, watu walisubiri kwanza wasikie kama Onchiri anakwenda. Siku moja akasimama ghafla kwenye kijia, pua juu. "Moraa," akaniita kwa sauti ya chini, "nyanya yako ana nini huko nyuma?" Nikamjibu ukweli wote niliokuwa nao, kwamba ni ule mtungi, unatokota, na nimekatazwa kuugusa. Onchiri akanitazama, akaitazama migomba, akatabasamu kama aliyepata barua njema. Akaondoka anapiga mluzi, ng'ombe wake wakibaki kwenye viazi vyetu.

Siku ya pili nyanya alitangaza risaga, na watu wakaja. Wee, walikuja! Walikuja hata ambao kwa kawaida hawaonekani, wanaume na wake zao, na mteremko ukajaa migongo iliyoinama. Kila mwanaume alikuwa na jembe begani na, mkono wa pili, mrija wake wa kunywea, ule mrefu wa kupita mdomo wa mtungi hadi chini. Waliisimamisha mirija ile kwenye ukuta wa ghala, mmoja baada ya mwingine, kwa adabu, na mrija wa Onchiri ndio uliokuwa mrefu kupita yote. Nyanya alikuwa amesimama mlangoni. Aliiona. Nasema aliiona kwa sababu nilikuwa ubavuni pake nikimtazama usoni, na uso wake haukusema lolote. Aliwasalimu wageni, akawauliza habari za nyumbani, akawaonyesha pa kuanzia.

Walilima siku ile kama watu waliofungiwa kwa muda mrefu. Waliimba, wakashindana mistari, wakachekana. Upepo ukigeuka na kuleta harufu ya migombani, majembe yaliongeza kasi. Mchana akatokea mzee wa kanisa, eti amepita tu kusalimu. Alipewa kigoda, akakaa na Biblia mapajani, na kila upepo ulipogeuka yeye naye alinusa, akanusa tena, uso ukizidi kukunjamana. Mimi nilikuwa nikiwapelekea maji na roho mkononi. Nilikwisha kuelewa, kwa kusikia minong'ono, kwamba wote walidhani wanajua kilichomo ndani ya mtungi: wengine wakikitamani, mzee wa kanisa akikiogopa. Mimi niliyekuwa nimeutegea sikio mara nyingi kuliko wote ndiye pekee niliyejua kwamba sijui. Nilimwogopea nyanya. Ikiwa ni pombe, kanisa litamfuta. Ikiwa si pombe, hawa watu wenye majembe watafanya nini?

Jua lilipoinama, kipande cha mwisho kikageuzwa. Wanaume wakanawa miguu, wakachukua mirija yao, wakaketi kwa duara. Nyanya akaomba vijana wawili waulete mtungi. Waliung'oa, wakaubeba kwa shida, wakautua katikati. Mzee wa kanisa akasimama. Nyanya akakata kamba, akafunua majani, na harufu iliyotoka hapo iliwarudisha nyuma hata waliokuwa na mafua. Ndani mlikuwa na samadi ya ng'ombe na majani ya amaroro, yale maua machungu ya manjano ya kando ya njia, yameoza ndani ya maji hadi yakawa uji wa kijani unaotoa mapovu. Alikuwa ameona, akasema, kwamba majani yaliyo chini ya zizi, mahali maji ya mvua hutiririkia, ndiyo mabichi kuliko yote, akataka kujua kama maji hayo yanaweza kutengenezwa. Kisha akawaambia alichokuwa amekusudia kuwaambia. Malipo yao yamo ardhini. Kila nyumba iliyolima itakuja na kikapu chake kila Ijumaa wakati wa kiangazi, mashamba mengine yakikauka, na itapewa mboga hadi mvua zirudi.

Mzee wa kanisa alikuwa wa kwanza kuketi, amefarijika hata akasahau kuomba. Onchiri akainuka. "Mama Ombati," akasema, "umetulimisha kwa mavi ya ng'ombe." Nyanya akamjibu kwa upole, "Baba Kerubo, nani alikuambia ni pombe?" Watu wengine wakaanza kucheka, mmoja akashika mbavu, lakini Onchiri hakucheka. Aliapa kwamba mguu wake hautakanyaga tena pale, na akaondoka kwa hasira hata akausahau mrija wake ukutani. Nyanya aliuchukua, akaufuta vumbi, akaupachika darini ndani ya nyumba. Nilimwuliza Msabato anaweka mrija wa pombe wa nini. "Una mwenyewe," akasema.

Mvua zilikuja, mboga zikaota, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwagilia yale maji ya mtungi kwenye mashina, pumzi nimeibana. Januari jua likawaka. Kila mahali mboga zilinyauka, isipokuwa kule chini kwenye kijito, ambako mnavu ulikuwa mweusi kwa ubichi. Ijumaa ya kwanza nyanya alikaa mlangoni tangu asubuhi. Nilijua anachongoja, na nilijua baba mkubwa, aliyekuwa akijifanya kutengeneza mlango wa zizi, anakingoja pia. Watu wangeweza kusema walidanganywa, na hawataki mboga za hila. Nani basi angelima msimu unaofuata? Mwanamke mmoja akaja na kikapu, kisha wawili, kisha wakawa foleni wakipiga soga kwenye kijia. Nyanya aliwachumia kwa mkono wake mwenyewe. Lakini kila akijaza kikapu alitupa jicho njiani, maana kwenye risaga watu walisubiri Onchiri aende ndipo waende, na Onchiri hakuja. Hakuja Ijumaa hiyo wala zilizofuata.

Alikuja siku ambayo si Ijumaa. Mkewe alikuwa amejifungua pacha na amelala hana nguvu, na chinsaga haikupatikana popote mlimani ila kwetu. Tulimwona akishuka polepole, ana kitu kizito kichwani. Lilikuwa karai lililojaa samadi. Alilitua mbele ya nyanya bila kumtazama, akasema, "Ya mtungi wako huo." Nyanya alishuka mwenyewe na nyonga yake mbovu, akakaa huko muda mrefu, akarudi na chinsaga kikapu tele, teketeke, na chupa ya maziwa ya kupikia. Kisha akaingia ndani akamletea mrija wake. Onchiri akaupokea kwa mikono miwili. Akaenda zake. Baba mkubwa alipigilia msumari wa mwisho kwenye mlango wa zizi, na habari ya michai ya kijitoni sikuisikia tena nyanya alipokuwa hai.

Leo mteremko ule ninaulima mimi. Wanachama wangu wa mboga ni walimu, wauguzi na wenye maduka wa Nyamira mjini, na wengine Kisii. Wanalipa kabla ya msimu kwa simu, na kila Ijumaa natuma mboga kwenye magunia yenye majina yao. Nyuma ya nyumba nina pipa la plastiki la bluu, linatokota vilevile. Wanachama huniuliza maswali mengi, natumia nini, ninapima nini, na nawajibu yote, maana wana haki ya kujua. Nawashukuru sana. Ila wengi hawajawahi kufika hapa, na sijui migongo yao ikoje ikiinama.

Nyanya sikuwahi kumtoa jibu kama aliwaacha wadhani makusudi. Nilimwuliza nikiwa msichana, nikamwuliza nikiwa mama, akawa anacheka tu na kunituma maji. Ninachokijua ni cha mwaka uliofuata, alipoita risaga ya pili. Walikuja wote, mikono mitupu isipokuwa majembe, kwa kuwa safari hii kila mtu alijua kilichomo mtungini. Onchiri alichelewa. Akaja na jembe begani, akapita hadi ghalani, akausimamisha mrija wake mrefu ukutani, peke yake, kwa adabu ile ile. Nyanya alimtazama akiwa mlangoni. Kisha Onchiri akashuka shambani, akainama, akaanza kulima.